Mzizi wa Kumi

1

Kazi yangu ni kupima vinyesi vya watu. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke amalize, maana nimechekwa miaka kumi na minne na watu walewale ambao kila mwezi huniletea vikopo vyao wakiwa wamevishika kwa ncha za vidole, wameangalia pembeni, utadhani kilichomo ni cha jirani. Mbele yangu wananiita mtaalamu. Nikigeuka wananiita Kiangi mpima choo.

Kijiji chetu cha Kwamrinji kiko juu kabisa ya milima ya Upare, kina watu mia tatu na sita, na kila mmoja ana Mlezi tumboni. Mimi napaka kinyesi kwenye kioo, naingiza kioo kwenye mashine, mashine inatafuta mayai. Mayai yakiwapo inawaka taa ya kijani, na mwenye tumbo anapewa mgawo wake wa majani yaliyosagwa. Yasipokuwapo inawaka nyekundu, nami napaswa kupeleka taarifa Taasisi, kule tambarare, siku hiyohiyo. Watakuja kumchukua mtu huyo, watampandikizia Mlezi mwingine, na atakaa kwao chini ya uangalizi mpaka wao waridhike. Wengine huwa hawaridhiki haraka.

Jumanne ile taa ya binti yangu Namsifu ilikuwa kijani. Tatizo lilikuwa namba iliyoandikwa chini ya taa. Mtu mzima mwenye afya hutoa mayai kama mia mbili kwenye kioo kimoja. Mtoto wangu wa miaka tisa, ambaye siku hiyo alikuwa na kilo kumi na sita, alikuwa na elfu mbili na zaidi. Nilipima mara ya pili, mara ya tatu, nikabadilisha kioo, nikaipiga mashine kofi. Namba haikubadilika.

Mlezi wake alikuwa ameacha kumlea. Alikuwa anamla.

Sitamtukana Mlezi bure. Mvua zilipokata misimu sita mfululizo na ndiva zetu zote zikakauka, yale mabwawa ambayo babu zetu walichimba ili kugawana maji ya mashamba, watu hapa walikufa mpaka wachimba kaburi wakaisha. Ndipo Taasisi ikaja na mnyoo wake. Ni mnyoo bapa, mrefu wa hatua nne au tano za mtu mzima, uliotengenezwa ili ngozi yake ihifadhi vijidudu vinavyoozesha majani na kuyageuza sukari. Mtu anameza yai moja na maji, anakaa wiki tatu, kisha anakula majani kama ng'ombe na anaishi. Tena Mlezi anatoa maji fulani yanayozima njaa. Tumbo lenye Mlezi halingurumi. Nimekaa miaka kumi na minne Kwamrinji bila kusikia tumbo la mtu likilia, na nilikuwa nimesahau hata mlio wenyewe ukoje.

Kwa watu wazima mambo ni sawa. Kwa watoto waliozaliwa na Mlezi, waliomrithi kwa mama zao tumboni, si sawa kwa baadhi yao. Hilo Taasisi wanalijua. Nilikuwa nimewaandikia mara tatu kuomba Namsifu atolewe Mlezi wake, na mara tatu walinijibu maneno mawili: Mtoto atazoea.

"Waandikie tena," alisema Elineema, mke wangu. Alikuwa amempakata mtoto, na miguu ya mtoto ilikuwa inaning'inia myembamba hata nikaona aibu kuitazama.

"Nimeandika jana."

"Umeandika nini?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimewauliza kama upo mmea wowote ambao haumo kwenye daftari, ambao Mlezi hawezi kuustahimili.

Elineema alimweka mtoto sawa pajani. "Yaani umemuuliza mwizi kama kuna dirisha alilosahau kulifunga," alisema. "Wewe ndiye uliyeandika hilo daftari, Kiangi. Na mwenye mimea yuko hapo chini kwenye ndiva. Kamlambe miguu."

"Hawezi kunisikiliza."

"Nani kasema akusikilize? Nimesema umlambe miguu. Mchuma janga hula na wa kwao, na sasa anayeliwa ni mwanangu."

2

Hapa ni lazima niseme kuhusu daftari, ingawa sipendi.

Mwaka mmoja kabla Mlezi hajaletwa, nilikuwa kijana mwenye cheti na viatu vipya. Taasisi walinituma kwetu kukusanya dawa za asili za minyoo. Walisema ni kwa ajili ya kumbukumbu ya vizazi, zisije zikapotea. Niliamini nusu, na nusu ya pili sikutaka kuiuliza. Nikaenda kwa shangazi yangu Nakijwa, dada wa baba, ambaye nusu ya Upare ilitapishwa na kuharishwa minyoo na mikono yake. Nilikaa kwake siku nne. Alinipa tisa: mbegu za maboga, mbegu za papai, mwarobaini, kitunguu saumu, mshubiri, na mingine minne ya msituni ambayo majina yake ni ya Kipare tu. Kila mmoja nikaandika kipimo, saa ya kunywa, sehemu gani ya mmea. Mwisho nikamuuliza, "Shangazi, ndiyo yote?" Akajibu, "Ndiyo yote."

Taasisi waliichukua ile orodha wakawafuga minyoo yao ndani ya kila dawa. Walioishi wakazalishwa, watoto wao wakatiwa kwenye dawa kali zaidi, vizazi mia na arobaini vya kuharakishwa maabara, mpaka wakapata mnyoo unaoweza kuogelea kwenye maji ya mwarobaini usitikisike. Ndiye Mlezi. Nguvu zake zimetoka kwenye mwandiko wangu.

Kisha walikuja kung'oa bustani ya shangazi, kwa kuwa dawa zisizofanya kazi ni udanganyifu. Wakampandisha jukwaani siku ya gulio, aseme mbele ya watu kwamba mitishamba ni uongo. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wa nyuma wakalalamika hawasikii. Mimi ndiye niliyemshikia kipaza sauti.

Tangu siku hiyo hatukuwahi kusalimiana.

Nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa ndiva, anachambua maharage. Maharage! Sikuwa nimeyaona sijui miaka mingapi. Ndani ya ndiva, pale kwenye tope la chini ambalo bado lina unyevu kidogo, alikuwa amepanda viazi vikuu, magimbi na maboga, vyote vimefunikwa kwa miiba ili mpita njia aone kichaka tu.

"Shikamoo, shangazi."

Aliendelea kuchambua. Nikarudia. Akaokota harage bovu, akalitupa karibu na kiatu changu.

"Marahaba nitampa nani? Hapa namwona kipaza sauti amekuja kwa miguu."

"Namsifu anakufa, shangazi."

"Najua. Upare nzima inajua. Mtoto anabebwa kanisani kama mzigo wa kuni, wewe unapima mavi."

Nilipiga magoti. "Nakuomba. Kama kuna chochote."

"Si ulisema hakuna? Si nilisema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, na wewe umenishikia chombo? Nilisemaje vile? 'Mitishamba ni uongo wa bibi zetu.' Nikumbushe kama nimekosea neno."

Kabla sijajibu, nikasikia sauti. Ilianza chini, ikapanda, ikaviringika, ikaishia na mlio mwembamba. Nilitazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Ndipo nikatazama tumbo la shangazi, na nywele zikanisimama.

"Wewe huna Mlezi."

"Mwaka wa kumi na tatu huu," alisema, akaweka ungo chini. "Naona njaa kila siku ya Mungu. Ni yangu mwenyewe."

"Lakini vikopo vyako! Kila mwezi nakupa kijani!"

"Vya mzee Sechambo. Namtengenezea togwa, ananijazia kikopo. Umepima mavi ya Sechambo mara mbili kwa mwezi miaka yote hii, mtaalamu, na hukuwahi kushangaa?"

Ningekuwa na nguvu ningekasirika. Nikauliza tu kwa dawa ipi, kwa kuwa zile tisa nilijua hazimwezi.

"Ya kumi," alisema.

"Uliniambia ndiyo yote."

"Nilikuambia. Ulikuja na nini siku ile? Ulikuja na kalamu na glavu. Siku nne nachimba, wewe umesimama na karatasi, unaniuliza sentimita ngapi. Kiangi, wewe ni mtoto wa wapi? Nani hapa hajui kwamba mzizi wa mwisho hauelezwi? Anayeutaka anakuja na njaa yake asubuhi, anauchimba kwa mikono yake pamoja na mwenye nao, na anayemnywesha mgonjwa anakunywa kwanza yeye. Babu yako alimchimbia baba yake siku saba kabla ya kuonyeshwa. Wewe uliona kwa sababu ni mtoto wa nyumbani, utaletewa kwenye sahani."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilikuwa nikiijua desturi hiyo tangu utotoni. Nikaenda shule, wakanifundisha kwamba kila kitu kikiulizwa vizuri kinajibiwa, nikaisahau.

"Nitachimba," nilisema.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na utakunywa. Bakuli zima, si kuonja. Utamtoa Mlezi wako kabla hujamgusa wa mtoto."

Nilielewa alichokuwa anataka. Mpima choo asiye na Mlezi ni mtu aliyejifunga kamba shingoni na kumpa jirani ncha ya pili. Na nisingeweza tena kula majani. Chakula pekee cha binadamu kijijini kilikuwa humo ndani ya ndiva, chini ya miiba, na hakikutosha watu wanne.

"Viazi vyako vitatosha nani?" nikamuuliza.

"Mtoto kwanza. Kisha mama yake akihitaji. Wewe utakula kitakachobaki, na kisipobaki utajua nilivyoishi mimi."

3

Jina la mzizi huo sitalitaja hapa, wala mahali unapoota. Nitasema tu kwamba tuliuchimba alfajiri, mimi nikiwa sijala tangu jana yake mchana, na kwamba shangazi hakunisaidia hata kidogo. Alisimama na fimbo. Nilipokata mzizi badala ya kuuondolea udongo pembeni, alinipiga mgongoni, na mimi nina miaka arobaini na mmoja.

"Usiuvunje! Unadhani ni kinyesi hicho?"

Ulipopondwa, ukachanganywa na zile tisa, akanipa kwanza asali vijiko viwili. Hiyo nilikuwa nimeiandika kwenye daftari kama imani isiyo na msingi. Wazee wanasema mnyoo hupenda utamu, hivyo unautanguliza utamu ili uachie utumbo uje kunywa, ndipo uchungu unaukuta umeachia. Sijui kama ni kweli. Najua kwamba baada ya muda mfupi nilipokunywa lile bakuli, ulimi ulikufa ganzi mpaka kooni, na tumbo langu likafanya kitu ambacho halikuwahi kukifanya tangu ujana wangu. Lilijikunja.

Nililia. Sioni aibu. Elineema alikuja akiwa na Namsifu mgongoni, akanikuta nimekaa juu ya beseni la maji ya uvuguvugu, nimeshika magoti, shangazi amesimama juu yangu akiyatazama maji kwa kijiti mkononi.

"Bado," alisema. "Bado. Hiyo ni mikia tu. Mtu asiye na akili angeshangilia sasa hivi."

Mnyoo bapa ukikatika, kipande kinachobaki na kichwa kinaota upya. Ndiyo maana dawa nusu ni mbaya kuliko kukosa dawa. Kichwa cha Mlezi ni kidogo kuliko punje ya mtama, kimezungukwa na ndoano, na shangazi alikitafuta kwenye maji yale kwa jicho lake la miaka sabini, bila mashine, mpaka akakipata. Alikiinua kwenye ncha ya kijiti akaniletea karibu na pua.

"Mtazame. Mwanao wa daftari."

Kisha tukamnywesha Namsifu. Kipimo cha mtoto ni kidogo na hatari yake ni kubwa, na shangazi alikipima mara tatu kabla ya kukimimina. Mtoto alimeza asali akatabasamu. Alipomeza uchungu alinitazama mimi, siyo yule aliyemnywesha, kwa macho ya kuniuliza kwa nini nimeruhusu.

Mlezi wake alitoka kwa saa mbili. Alikuwa mrefu kuliko wangu. Tulipoona kichwa Elineema alikaa chini kwenye vumbi, akafunika uso kwa kanga. Shangazi akachemsha uji wa viazi vikuu, akamlisha mtoto kijiko kimoja kimoja.

Mchana wa siku ya tatu nilisikia mlio kutoka kitandani kwa Namsifu, akashtuka akashika tumbo lake.

"Baba, kuna kitu humu!"

"Hapana," nikamwambia. "Hamna kitu. Ndiyo maana linalia."

4

Siku ya tisa ikaja gari ya Taasisi.

Niliiona ikipita ndiva, ikipanda taratibu kuelekea zahanati ninapofanyia kazi. Elineema alikuwa amempeleka mtoto bondeni kwa kisingizio cha kukata majani, kwa kuwa tumbo la Namsifu siku hizo lilikuwa likipiga kelele hovyo, na furaha ya mtoto mwenye tumbo linalolia haifichiki. Mimi nilikuwa peke yangu na vikopo vyangu. Siku mbili nilikuwa nimekula gimbi moja.

Alishuka msichana wa miaka ishirini na kitu, viatu vipya, daftari kwapani. "Shikamoo, mzee Kiangi. Naitwa Siwema, ni afisa utafiti." Alikaa bila kukaribishwa, akalifungua daftari, na nikaona mwandiko wangu wa ujana, karatasi imekuwa ya njano.

"Ni heshima kukutana nawe," alisema. "Tulifundishwa kwa orodha yako."

"Niliandika mara tatu kuhusu binti yangu."

"Ndiyo. Ulijibiwa."

"Mlisema atazoea."

"Ni jibu lililopangwa, mzee. Wilaya nzima tuna watoto mia nne na kumi na wawili wenye hali hiyo. Hatuwezi kumwandikia kila mmoja barua yake." Alisema hivyo bila ubaya wowote, na nikamchukia kwa jinsi alivyokuwa hana ubaya. "Lakini barua yako ya nne imetushtua. Umeuliza kuhusu mmea usiokuwamo kwenye orodha. Mtu kama wewe haulizi bure."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa."

"Kama upo, tunauhitaji."

"Mkiupata, mtawapa hao watoto mia nne?"

Alifikiri kwanza. Namheshimu kwa hilo, hakudanganya. "Utaratibu ni kwamba unaanza Idara ya Uimara. Wanahakikisha Mlezi anaustahimili. Mzee, watu milioni mbili wanakula kwa sababu ya Mlezi. Mtu mmoja mwenye hasira akiumimina huo mmea kwenye tangi la maji ya mji, tutazika mji mzima. Huoni?"

Niliona. Hicho ndicho kilichokuwa kibaya, niliona vizuri kabisa. Nilizika watu miaka ile. Nilimzika mama yangu akiwa na uzito wa Namsifu.

"Na watoto?"

"Watatafutiwa njia nyingine."

"Ipi?"

"Itatafutwa." Akachukua kalamu. Akaanza kusoma orodha yangu kwa sauti, mmea mmoja mmoja, na kila aliposoma aliniinulia macho nithibitishe. Mbegu za maboga. Ndiyo. Mbegu za papai. Ndiyo. Mwarobaini.

Hapo ndipo nilipolihisi. Chini ya kitovu, kitu kikajiviringisha, kikaanza kupanda. Nilikaza tumbo. Nikakohoa. Siwema akasoma kitunguu saumu. Nikaegemea meza, nikasukuma ngumi kwenye mbavu zangu, na jasho likanitoka. Katika chumba kile kidogo chenye ukimya, mlio mmoja ungetosha. Wangenichukua, wangempima Namsifu, wangempandikizia mwingine, na mwingine huyo angemmaliza.

Tumbo likanguruma.

Siwema aliinua kichwa. "Nini hicho?"

Mlango ukapigwa teke.

"Yuko wapi huyu mwana haramu?" Shangazi Nakijwa aliingia na fimbo yake na sauti ambayo sikujua anayo. "Umejificha nyuma ya wageni? Toka!"

"Bibi, tuko kwenye kazi," alisema Siwema akisimama.

"Na mimi niko kwenye kazi! Huyu ameniibia! Kila nilichokuwa nacho nilimpa, akakiuza, akaninyang'anya bustani!" Akanijia mpaka mate yake yakanifikia usoni. Tumbo langu likaanza tena na yeye akapaza zaidi. "Siku ya gulio, mbele ya wakwe zangu! Watu waliozaliwa mikononi mwangu wananicheka! Na nani kanishikia kipaza sauti? Mtoto wa kaka yangu! Niliyemfuta kamasi kwa kanga yangu!"

"Shangazi..."

"Nyamaza! Mama yako alipokufa alinishika mkono, akasema Nakijwa, mtazame mwanangu. Nimekutazama! Nimekutazama mpaka macho yananiuma, na kitu cha kutazama sijakiona!"

Tumbo lilinguruma kwa muda mrefu, mlio wa gimbi moja kwa siku mbili, na yeye akaipiga meza kwa fimbo, vikopo vikaruka, kimoja kikafunguka sakafuni. Siwema akarudi nyuma, kaziba pua. Ndipo nilipomwangalia shangazi machoni na kuelewa. Kila tumbo langu lilipokaribia kulia alikuwa akinisoma usoni, na fimbo ilikuwa imeshainuka kabla.

"Nawe utanilipa pia!" alimwambia Siwema. "Unasoma nini hapo? Ni dawa zangu hizo!"

"Bibi, tulia. Nina swali moja." Msichana aliinua daftari. "Zilikuwa tisa tu?"

"Huyu mjinga aliandika mpaka jina la mbuzi wangu! Angeacha nini?"

Siwema akanigeukia mimi. Alikuwa anataka kuondoka, nilimwona. Alitaka jibu la kuweka kwenye karatasi, tena liwe fupi. Na mimi nilifikiria wale mia nne na kumi na wawili. Nikisema, mzizi unakwenda Idara ya Uimara na hakuna mtoto hata mmoja atakayeponea hapo. Nisiposema, wako milimani kote, hawajui kwamba upo, na mimi siwajui kwa majina. Hakuna njia niliyoiona ambayo ilikuwa safi. Sijaiona mpaka leo.

"Mzee Kiangi, ndiyo yote?"

"Ndiyo yote," nikasema.

Akaandika. Akapiga mstari chini kwa rula, kama nilivyofanya mimi wakati ule, akaridhika. Shangazi aliendelea kunitukana mpaka gari ilipozunguka kona ya mwisho na vumbi likatua.

Akakaa kwenye kiti cha mgeni, akahema. Nikamletea maji, akayanywa, akanirudishia kikombe bila kuniangalia. Nikafungua mdomo kumshukuru.

"Usinishukuru," alisema. "Kila nililosema nilikuwa namaanisha."

"Najua, shangazi."

"Sijakusamehe."

"Najua."

Akatoa gimbi la kuchemsha kwenye pindo la kanga, akaligawa mara mbili, akaniwekea nusu juu ya meza katikati ya vikopo. Nilipokuwa natafuna alikuwa anaangalia begi langu pale ukutani, lile ninaloingia nalo katika kila nyumba ya Kwamrinji na vijiji sita vya jirani kukusanya vinyesi, ambalo hakuna mtu amewahi kutaka kuangalia ndani yake.

"Nani mwingine mtoto wake yuko hivyo?" aliuliza.

"Wa Mbonea, huku juu. Na wawili ng'ambo ya mto."

"Baba zao wanajua kuchimba?"

"Hapana."

"Basi kesho asubuhi waje na njaa zao," alisema, akasimama, akachukua fimbo yake. "Na wewe utakuwa unawashikia jembe."